Mshenga wa Chuo: Tunamkumbuka Bi Zuleikha Sleyum

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum popote mlipo hapa Mafia, Kilindoni, Chole, Juani mpaka Jibondo. Leo tunamkumbuka Bi Zuleikha Sleyum, tuliyemzika Jumanne hapahapa Kilindoni. Sauti yangu ikiwakwaruza, mniwie radhi. Nimekuja na hasira, na marehemu mwenyewe angenishangaa kama ningekuja na sauti ya kubembeleza.

Bi Zuleikha alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha bara. Mshauri ndiye anayepewa wanafunzi awaongoze: wasome nini, na wakikwama wafanye nini. Washauri wa vyuo wana kongamano lao kila mwaka, na Bi Zuleikha alikuwa akiwaendeshea warsha. Warsha, si hotuba. Kwake hapakuwa na mtu wa kukaa na kusinzia.

Lakini kwa nini warsha? Kwa sababu ya binti mmoja. Narudia, wasikilizaji, binti mmoja.

Anaitwa Mwanahalima, mtoto wa Juani. Kakulia ndani ya hifadhi ya bahari, akaenda chuo kingine huko bara kusomea viumbe wa baharini, nia yake arudi afanye kazi kwao. Mwaka wa pili akafeli somo moja. Mshauri wake, Dokta Mbaraka, akamwambia aende nyumbani akajifikirie. Hakumwambia kuwa upo mtihani wa marudio. Tarehe ya mtihani ilibandikwa kwenye ubao wa chuo, na binti keshavuka maji, yuko kwao analia.

Bi Zuleikha alikuja likizo, akaenda Juani kumjulia hali Mwanasiti, mama wa binti, shoga yake tangu madrasa. Ndipo Mwanasiti aliposikia kwa mara ya kwanza neno marudio. Mtihani ulikuwa umeshapita.

"Kumbe palikuwa na njia?" akasema Mwanasiti. "Nami nimekaa na mtoto ndani, namwambia riziki yake ya kusoma imeishia hapo."

Shadya, binti wa marehemu, anaikumbuka siku ile. "Mama alirudi hakugusa chakula," anasema. "Akatwambia, 'Mtu akitaka mke anatuma mshenga. Mshenga anavuka maji, anapiga hodi, anawabembeleza wazee mpaka wanalainika. Chuo kinamtaka mtoto wa watu, kinabandika karatasi ukutani, basi.'"

Hapo ndipo ilipozaliwa ile warsha yake. Aliondoa viti ukumbini, akatandika mikeka. Washauri akawagawia nafasi: wewe mama, wewe mjomba, wewe binti aliyefeli. Na wewe, msomi, ndiye mshenga. Nenda nje, piga hodi, uingie umwombe huyu mtoto arudi chuo.

Mwaka wa kwanza walicheka. Mmoja aliingia, hakuuliza hata habari za nyumbani, akaanza kueleza kanuni za mitihani. Bi Zuleikha akamsimamisha. "Baba, toka. Vua viatu, upige hodi upya." Mwenzake akatolewa nje mara tatu, maana kila akiingia alimsemesha binti na kumpita mama kama hamwoni. Hawakucheka tena. Mwaka uliofuata watu walikosa pa kukaa.

Sasa sikilizeni walivyomlipa. Warsha ikahamishwa ikawekwa baada ya chakula cha mchana. Halafu ikapunguzwa. Kwenye ratiba wakaandika kuwa ni ya kuwachangamsha wajumbe. Mudrik, mdogo wake, alikuwa naye alipoiona. "Dada alipandwa na hamaki," anasema. "Akaniambia, 'Wamenifanya ngoma ya kupokelea wageni.'"

Kisha kongamano likaja kwetu Mafia, katika hoteli moja kwenye ghuba ya Chole. Wajumbe wakataka kwenda kuyaona magofu ya mji wa kale wa Kua, kulekule Juani, na muda wa safari ukakatwa kwenye warsha. Kwenye warsha ya nani? Ya Bi Zuleikha, mwenyeji wao.

Hakubishana. Alitandika mikeka yake, akaomba mshenga mmoja tu. Akainuka Dokta Mbaraka, ambaye sasa ni mwenyekiti wa washauri wote. Mpiga picha akasogea. Dokta akavua viatu, akapiga hodi, akatoa salamu ndefu, ukumbi ukapiga makofi. Mbele yake mkekani amekaa mama mmoja, Dokta akamdhani mjumbe mwenzake.

"Tumekuja kumwombea binti yetu arudi chuo," akasema Dokta.

"Binti yetu anaitwa nani?" akauliza yule mama.

Dokta akacheka. "Jina lolote tu, mama. Hili ni zoezi."

"Anaitwa Mwanahalima. Ulipewa wewe umwongoze, miaka miwili. Mimi Mwanasiti ndiye mamake. Leo ndiyo umekuja?"

Dokta akasema kwamba yeye hakumfukuza mtu.

"Najua," akasema Mwanasiti. "Hukumfukuza. Ulimwacha aende."

Mtu mmoja akakumbusha kuwa boti inasubiri. Bi Zuleikha akasema, "Isubiri. Mama ameuliza, hajajibiwa." Dokta Mbaraka akavaa viatu vyake, akatoka. Wajumbe wakamfuata, wakaenda Kua kupiga picha.

Bi Zuleikha hakualikwa tena. Narudia: hakualikwa tena mpaka maradhi yalipomchukua. Leo amekufa, wamekumbuka kumwita nguzo. Mudrik aliposikia akasema, "Nguzo gani hiyo, walioikata ni wao?"

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize kabla ya kulala. Ni watoto wangapi wa visiwa hivi wamekaa ndani wakidhani mlango umefungwa, na aliyekuwa na ufunguo hakuona haja ya kuwaambia?

Makiwa, Bwana Mudrik. Makiwa, Shadya. Makiwa, ukoo wote wa mzee Sleyum. Mwenyezi Mungu ampokee mja wake na ampe kauli thabiti.

Na nyinyi washauri mliotutumia salamu za rambirambi, mkitaka tuwasomee hewani: tumezipata. Ni ndefu, na zimepangwa vizuri. Hatutazisoma. Mwanahalima yuko Juani, kwao, hajaenda popote. Hakuna aliyewahi kumfuata. Rambirambi zenu pelekeni kule, na mkifika mpige hodi.