Chuma Kilichomwangukia Mshonaji

Asubuhi ile mshonaji wa kona alifika kijiweni na karatasi na kalamu, na uso wa mtu aliyezungushwa akachoka. Juzi, mchana kweupe, pande la chuma lenye ukubwa wa beseni lilidondoka kutoka juu, likatoboa bati la kibanda chake na kusagasaga cherehani. Bahati nzuri, alikuwa ametoka kununua uzi. Maofisa wakaja, wakasema ni kipande cha setilaiti, wakakifunga kwa kitambaa chake kipya na kuondoka nacho. Walimwachia neno moja tu: aandike barua ya madai. Sare arobaini za wanafunzi zilikuwa zinamngoja, na shule inafunguliwa Jumatatu. Basi akamwendea Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye pale kwenye benchi ndiye sheria yenyewe.

— Sikiliza, mwanangu, alisema Karani, akipuliza kahawa. Chuma cha angani ni mali ya nchi iliyokirusha, popote kitakapoangukia. Na kikiharibu, nchi hiyo inalipa.

— Basi niandikie, Baba Karani.

— Taratibu. Kwanza tujue kilipita kwenye anga ya nani.

— Yetu! alidakia Antena, fundi wa madishi.

— Yetu inaishia ndege zinapoishia. Juu ya hapo ni ya wote.

— Ya wote maana yake ya wenye roketi!

Meja, mlinzi wa ghala ambaye jeshi alilionea kwenye gwaride tu, aligonga kirungu chini.

— Mimi ningeweka geti. Setilaiti ikifika juu yetu isimame, ijiandikishe kwenye daftari.

— Isimame vipi, aliuliza Karani, na inakwenda kasi kuliko risasi?

— Ikikaidi, namba zake tunazo.

— Zipo zilizosimama, alisema Antena. Hizi za madishi zimeganda juu ya ikweta miaka nenda miaka rudi. Hao ni wapangaji, kaka. Walipe kodi!

— Kuna nchi zilidai hivyo zamani, alisema Karani. Hazikusikilizwa.

— Na nani? Na wapangaji wenyewe!

— Wakigoma kulipa, alisema Meja, tunawakatia anga.

Mshonaji aliwatazama. Watu wazima watatu, kola za mashati zimelika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea shati ageuze kola. Leo wanagawana mbingu. Cheko la uchungu lilimpanda, akalimeza.

— Baba Karani, barua naiandika kwa nani?

Karani alivaa miwani.

— Kwa nchi iliyokirusha.

— Ipi?

— Imeandikwa kwenye chuma.

— Chuma wamekichukua. Nimewauliza, wamesema ni siri.

— Basi kwa serikali yetu, ikudaie.

— Ofisi gani? Ya anga wamenituma ya mawasiliano, ya mawasiliano wamenirudisha ya anga.

— Jaribu ya ardhi, alisema Meja. Si kimeangukia chini?

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Antena alichungulia kikombe chake. Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha tu.

Mshonaji alichukua karatasi yake, nyeupe vilevile, akaelekea mtaa wa pili kwa mshonaji mwenzake, kumwomba cherehani siku mbili. Alipokuwa anavuka barabara, alimsikia Meja nyuma yake akiuliza kama jua nalo lina kibali.