Walifuta Jina la Adrian, Wakamsahau Bibi Lea

Ndugu waombolezaji, Adrian Clement Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 hapa Ilula, mtoto wa tatu wa Mzee Clement na Mama Faustina, akalelewa na bibi yake Lea, mkulima wa nyanya. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1993 hadi 1999, sekondari Iringa mjini hadi 2003, akahitimu stashahada ya kompyuta Mbeya mwaka 2008, akafungua ofisi Ilomba, huko huko Mbeya. Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na Tekla, wakajaliwa watoto wawili, Eveline na Ezekiel.

Mwaka 2016, baada ya kuona wakulima wa mpunga wa Igawa wakishikana mashati kwa ajili ya maji ya mfereji, aliandika programu ya simu ya kupangiana maji, iitwayo Zamu, akaitoa kwa leseni huria: yeyote aitumie, ainakili, aigawe, hata kuiuza, ila anayeibadilisha aseme amebadilisha nini, aache jina la mwandishi, na anayempa mwingine programu ampe na msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, kwa masharti yale yale. Bi Nyamizi, katibu wa wakulima hao, aliongeza ratiba ya kunywesha ng'ombe, akaandika jina lake chini ya la Adrian, na marehemu alifurahi kama aliyepata mtoto mwingine.

Mwaka 2021 kampuni moja, ambayo hatutaitaja maana msiba una heshima yake, iliichukua Zamu, ikabadilisha rangi, ikafuta majina yote mawili, ikaficha msimbo, kisha bila haya ikawaambia wakulima wa Igawa kwamba nakala yao ni ya wizi! Ila kampuni ilimsahau Bibi Lea, ambaye Adrian alimweka ndani ya programu kama mkulima wa mfano, hivyo hadi leo programu yao ya mpunga hufunguka na maneno Lea Kalinga, nyanya, Ilula. Marehemu aliwaandikia barua kumi na moja, hawakujibu hata moja, akawa anamwambia mkewe, "Mama Eve, mimi sikuwakataza kuchukua, niliwapa mwenyewe, sasa mbona wananikana?" Ule ulikuwa uonevu, na ulimuuma.

Machi 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa Iringa na Mbeya, hadi tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipofariki. Jana kampuni ile ile imetuma rambirambi, ikimwita mteja wao mpendwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ilomba mliomsindikiza hadi nyumbani, mafundi wenzake, na Bi Nyamizi na wakulima wake. Nakala za historia hii anazo Shadrack pale mlangoni, chukueni, nakilini, gawaneni, na anayejua tuliloliacha aliongeze na aweke jina lake, ila la Adrian lisifutwe.

Pumzika, Adrian, na ukimwona Bibi Lea mwambie yeye hawakumfuta.