Bi Mwaija binti Bwanausi, Aliyeomba Msitu Ufungwe

Bismillahi. Ndugu zangu, huyu tunayemzika leo katika mchanga wa Mlingotini hakuwa mtu wa mchanga. Bi Mwaija binti Bwanausi alizaliwa Rajab ya mwaka 1248 wa Hijra ndani ya msitu wa Mbwego, nyuma ya Kiwangwa. Humo ndimo walimozikwa baba yake na wanawe wawili wachanga.

Chuoni alisoma juzuu amma kwa shangazi yake, mjini Bagamoyo. Elimu nyingine alipewa na babake: sandarusi, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, huchimbwa ardhini, mti wenyewe hauguswi.

Alishika jembe na kikapu miaka thelathini. Siku moja dukani kwa Bahadurali, mnunuzi wa sandarusi, alilinusa bonge katika gunia lisilo lake, akafoka, "Hii chakazi, utomvu mbichi wa mtini! Nani kaileta?"

Bahadurali alicheka hata kofia ikamwanguka. "Mumeo, bibi."

Marehemu Seleman, aliyemwoa mwaka 1270, alinuniwa mwezi mzima, wala hakurudia tena.

Wachunaji wa mjini, waliochanja miti kutoa chakazi, walipozidi, mwaka 1301, Bi Mwaija alikwenda mwenyewe kwa jumbe kuomba msitu ufungwe. Jumbe alikubali upesi, nasi wajinga tukampelekea mbuzi wa shukrani. Mwaka haukuisha, askari wake wakaja kututoa sisi tuliokaa humo, nyumba kumi na moja. Leo miti inaangushwa kwa faida ya jumbe, na mashoka yanasikika hadi barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako: mlinzi wa kwanza kukubali ujira wa jumbe alikuwa Mrisho, mwana pekee aliyembakia Bi Mwaija.

Homa ilimshika Rajab iliyopita. Alipojua haponi, aliomba jambo moja tu, azikwe kando ya watoto wake. Tukambeba kwa machela hadi ukingoni mwa msitu. Mrisho alisimama njiani na mkuki.

"Shikamoo, mama. Amri uliiomba mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akatuambia sisi, "Nirudisheni."

Alifariki tarehe saba Shaaban 1304, mwaka ambao Wazungu wanauita 1887.

Ameacha dada mmoja, Mardhiya, wajukuu watatu, na Mrisho, aliyesimama kule nyuma peke yake. Sogea, Mrisho, ushike jembe umfukie mama yako. Hapa hapana aliyekuzuia njia. Mola ampe chini ya ardhi makazi aliyonyimwa juu yake.