Mwanandani

Njooni karibu, wanangu, na wewe Khatib zima hiyo televisheni, maana nikishasema leo sisemi tena, na sitaki kufa huku nikishindana na mpira. Kaa hapo kwa dada yako Zuwena. Na leo nakuomba usinijibu kwa Kiingereza, hata kama utaitikia kwa kichwa tu.

Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Zuwena. Lile chepe langu lililo nyuma ya mlango wa jikoni ni lako, Khatib, na najua unalionea haya, mtu wa benki wewe, lakini hilo chepe ndilo nililokuitieni.

Unguja, kwa mama yangu Bi Mize, nilikuwa mchimba visima na makaburi. Mnajua, au mngejua kama mngekuwa mnasikiliza. Nilipoingia Birmingham nikashika kazi ile ile ya udongo, kuchimba mitaro ya mabomba. Mwaka sitini na nane tulikuwa Edgbaston, karibu na hospitali, mimi na Jagjit, yule Kalasinga aliyekulia kwenye reli ya Kisumu, ambaye ndiye aliyekuwa Kiingereza changu, kwa kuwa mimi nilijua yesi na no, basi.

Tulipofika kina cha kiuno nikaona udongo umebadilika. Udongo ukishachimbwa haurudi kama ulivyokuwa, ukae miaka mingapi. Rangi yake inakuwa nyengine, na chepe linazama bila ya kubishana. Nikaufuata pole pole. Kuta zinashuka mshazari, zinakaribiana, na chini kabisa, katikati, kimechongwa kijishimo chembamba kilichonyooka. Mimi makaburi nimechimba mpaka nimesahau ni mangapi, nikajua huo ni mwanandani, ile nafasi tunayoichonga ndani ya kaburi tukamlaza maiti, tukamfunika viunza vya mbao ili mchanga usimguse. Nikaweka chepe chini nikasema, "Jagjit, mwambie msimamizi tusimame, hapa kuna mwanandani."

Na Jagjit, aliyenisikia kwa Kiswahili chake cha relini, akamwambia yule Mzungu kwa Kiingereza kuwa Ussi anasema kuna mwana ndani.

Mtoto, yaani, ndani ya shimo. Polisi walifika chai yetu haijapoa. Nilikaa kituoni siku mbili naulizwa mtoto wa nani, nimemjuaje, kazikwa lini, na mkalimani ni yule yule Jagjit, kila nikisema mwanandani yeye anawaambia mtoto. Mwisho nikaghadhibika, nikalala kwenye sakafu ya kituo kwa ubavu wa kulia, nikamwonyesha: kaburi linakuja hivi, mwanandani unakuwa hapa nilipo, viunza vinakaa juu yangu. Hapo ndipo alipofahamu. Akakishika kilemba chake kwa mikono miwili akacheka. Alicheka, wanangu, na mimi nimelala chini mbele ya askari.

Mtoto hakupatikana. Wakaja wataalamu na vijibrashi vyao, wakasema huo ni mtaro wa ngome ya Warumi, askari waliokaa hapo karibu miaka elfu mbili iliyopita, na kile kijishimo kilikuwa cha kumvunja adui mguu. Ningetazama kibla ningejua si kaburi. Wakafurahi, wakapiga picha, wakaandika kuwa mtaro umeonekana kwa kosa la vibarua. Kosa! Mimi nikaachishwa kazi, na mtaani wakaniita Baba Mtoto. Kilichokosea ni neno, macho yangu hayakukosea, pale palichimbwa kweli. Jambo hilo limenikaa kifuani miaka tisa, na linaniuma kuliko hiki kikohozi.

Jagjit alikuja hapa Nechells mara tatu na sahani ya mithai, vile vitamu vyao vya Kihindi. Zuwena, ni wewe niliyekutuma mlangoni useme baba katoka, na mimi niko jikoni nasikia sauti yake. Nilikosea. Inaniudhi kulisema, lakini nilikosea.

Juzi, Khatib, nilikuuliza mwanandani ni nini. Ukafikiri, ukanijibu kwa Kiingereza chako: mtoto. Mwanangu wa kumzaa. Makaburi ya hapa yanachimbwa kwa mashine, shimo tupu kama sanduku, na nyinyi mtanitia humo mkimbilie gari, mvua isikunyesheeni. Sitaki. Nataka mwanandani, uchongwe kwa chepe langu. Waislamu wako wengi mji huu, lakini niliyemwonyesha mimi, kwa vipimo vya mwili wangu huu, ni mmoja.

Nendeni kwa Jagjit, Acocks Green, nyumba ya pili kutoka stesheni, mlango wa kijani. Mwombeni radhi kwanza, mithai mliila nyinyi. Achonge yeye na Khatib. Kunishusha, wanishushe Waislamu wenzangu. Na chepe lioshwe kabla ya kurudishwa...

Nipe maji. Basi, yatosha.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili. Mungu akupeni watoto... watakaokujibuni kwa lugha yenu.

Khatib, sogea. Wale wa makaburini wakimuuliza Jagjit anachonga nini... awaambie vile vile alivyosema siku ile. Mwana ndani. Safari hii hatakuwa amekosea. Ni mwana wa Bi Mize... yumo ndani.