Yona Asheri Shemweta (1968–2025): Fundi Aliyepigana na Chenga

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Mabawa, asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Tunaomba mtusikilize habari za ndugu yetu, na mtuvumilie tukikwama katikati, maana hazisomeki kirahisi.

Marehemu Yona alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asheri. Baba yetu aliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, akasema atakaa msimu mmoja tu. Amezikwa hukohuko Muheza.

Alisoma shule ya msingi ya pale shambani, akaendelea na sekondari hapa Tanga mjini, na mwaka 1990 alihitimu elektroniki katika chuo cha ufundi Arusha. Mama alikuwa akilalamika kwamba kitu kikifika mkononi mwa mtoto huyu kizima, jioni kitalala kimefunguliwa.

Alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano katika kampuni moja ya mjini hadi mwaka 2004. Ndipo yeye na rafiki yake Suleimani Uweso walipofungua karakana ya redio na televisheni mtaani hapa. Mlutheri na Mwislamu, wakipokezana siku za ibada, na hatukuwahi kusikia wamegombana.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Kristina, fundi cherehani. Walijuana kwa sababu ya redio ya mama mkwe. Kristina aliipeleka kwa Yona, ambaye wakati huo alitengeneza redio nyumbani baada ya kazi, akaambiwa arudi kesho. Alipokwenda ikaonekana ina kasoro nyingine, na wiki iliyofuata kasoro nyingine tena. Baada ya posa ndipo Yona alipokiri kwamba redio ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Walijaliwa watoto wawili, Godlisten na Ritha.

Zilipoingia projekta ndogo, zile za kushika mkononi, Yona alizichukia na kuzipenda papo hapo. Boksi linasifu, lakini ukutani unaona chenga tupu. Mwalimu Semeni wa Moa alimletea ya shule yao, akamwambia watoto wa madawati ya nyuma wanakisia herufi. Maneno hayo yalimkaa rohoni. Alituelezea mara nyingi, hata tusiotaka kuelezwa: ndani ya projekta mna vinukta vya picha, na huwezi kuviongeza. Basi akaweka kipande chembamba cha kioo mbele ya vile vinukta, akakifunga kwenye koili ya spika ya redio, kikawa kinatikisika kidogo mno. Sakiti aliyoiunga mwenyewe ikawa inaigawa picha mara mbili, na kila kinukta kinatua mara mahali pake, mara pembeni kidogo. Jicho linaziunganisha picha mbili, linaona moja iliyo kali zaidi.

Ilimchukua miaka. Mwezi Agosti 2023 aliipeleka Moa, na mtoto wa dawati la mwisho kabisa akasoma kwa sauti majina ya sehemu za ua, hadi yale madogo. Yona alirudi nyumbani akiimba. Tungekuwa na uwezo, wasifu huu tungeumalizia hapo.

Mwaka uliofuata alianza kusema picha imeingia ukungu. Akaenda Moa kuichukua projekta airekebishe. Mwalimu Semeni alimzuia mlangoni: "Fundi, sisi mbona tunaona vizuri?" Yona akamjibu, "Mmeshazoea chenga, mwalimu." Akaondoka nayo.

Akafungua, akafunga, akafungua tena. Kila kioo alichokata hakikumridhisha. Kristina, aliyezoea kutungiwa uzi na mumewe, aliona uzi unapita kando ya tundu la sindano, akamwambia, "Baba Godi, hiyo picha naiona mpaka kope. Tukapime macho." Yona alimfokea, yeye ambaye hakuwahi kufoka, kwamba anamwonea huruma. Watu walipoisifu picha, alidhani wanamfariji. Kile kioo cha kwanza, kile cha Moa, alikisugua ili kukipunguza unene, kikavunjika mkononi mwake.

Pale karakanani palikuwa na karatasi ya mistari ya herufi, kubwa hadi ndogo, iliyobandikwa kando ya ukuta wa majaribio ili alinganishe. Yona alikuwa ameacha kuitazama kwa sababu aliijua kwa moyo. Mchana mmoja wa Februari mwaka huu Suleimani alilivuta pazia, jua likajaa chumbani, akabandika mahali pake karatasi nyingine.

"Yona, ndugu yangu, nisomee hii."

Alisogea, akasogea tena, mpaka pua ikagusa karatasi. Kisha akakaa chini sakafuni. "Kumbe ilikuwa nzima," alisema. "Suleimani, nimewanyang'anya watoto kitu kizima."

Hospitalini walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kufikia Juni alikuwa haoni kabisa. Alijaribu kukata kioo kingine kwa kupapasa, akajikata vidole, akaacha. Akaacha na kula vizuri. Tulimwambia kila neno tulilolijua, na hakuna lililosaidia; hatutadanganya mbele ya jeneza lake kwamba lilisaidia. Tarehe 6 Septemba 2025 asubuhi alipatwa na kiharusi, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Vipande vya ile projekta tunavyo. Suleimani amejaribu kuviunga, picha zinatoka mbili zisizokutana. Mwalimu Semeni yupo hapa msibani. Tunamwomba radhi mbele yenu wote kwa niaba ya marehemu, maana mwenyewe aliona aibu kwenda.

Marehemu ameacha mjane, Kristina, watoto, Godlisten na Ritha, wajukuu watatu, na sisi nduguze wanne. Daktari alisema ugonjwa huu hutembea katika damu, kwa hiyo Jumanne, matanga yakiwa yametandikwa, tulimpeleka Godlisten kupimwa. Amekutwa nao. Wanasema kwake umewahiwa, na amepewa dawa ya matone ya maisha yake yote. Usiku na asubuhi mama yake ndiye anayemtilia.

Bwana ampokee Yona na ampumzishe, maana huku kwetu hakupumzika.