Fundi Lenzi Alivyotoka Chumba cha Nyuma

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imetutuma tuwasimulie safari ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Lenzi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa mama mkunga na baba seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mzuri ila mawazo yake yako dirishani.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika duka la miwani, chumba cha nyuma, kusaga lenzi, na kwa miaka sita akaishi humo kama mtu aliye chini ya maji, mashine ikinong'ona, vumbi la kioo likielea kwenye mwanga, vyeti vya vipimo vya macho vikiingia kwa tundu la ukutani na miwani ikitokea hapo hapo, bila yeye kuona uso wa mteja hata mmoja, kwa kuwa bosi alipiga marufuku mafundi kuonekana mbele, na alimwambia dada yake kwamba siku hizi anaota macho matupu yanayoelea.

Juni 1983 mshonaji mmoja alirudisha miwani mara ya tatu, analia, maana ameharibu magauni mawili na mwajiri amemwambia la tatu ndilo la mwisho. Dada wa kaunta akasema kosa ni la nyuma, nyuma wakasema kosa ni la mbele, kumbe cheti kilikuwa sahihi, lenzi sahihi, kila upande umefanya kazi yake barabara na mama wa watu haoni sindano. Hapo marehemu akafungua mlango, akatoka na aproni yake imejaa vumbi, akamwomba mama akae kama anavyokaa cherehanini, dada wa kaunta akashika ncha ya pili ya futi, wakagundua kwamba nguo hukaa mbali naye kuliko kitabu ambacho miwani ilipimiwa, jambo ambalo dada hakuliandika kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia lina maana, na marehemu, aliyejua maana yake, hakulisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mshonaji alibaki kazini, marehemu akapewa barua ya onyo, na bosi, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi, akaamuru tu kwamba kila Jumatatu fundi mmoja akae kaunta na mtu wa kaunta aingie nyuma kusaga, ambako dada yule wa kaunta alipasua lenzi kumi na moja na hakumlaumu fundi tena, isipokuwa nyumbani, kwani yeye na marehemu walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Novemba 2022 kifua kilianza kumsumbua, akawa mtu wa kitandani, na kila jioni mkewe akirudi kutoka dukani alimweleza nani kaja, ana sura gani, kacheka vipi alipovaa miwani, hadi Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, mliobeba jeneza tusijue nani wa mbele, nani wa nyuma. Mama, mjane wake, ameomba tuseme neno ambalo yeye limemshinda, kwamba watu wamejaa mpaka barabarani, anawatazama mmoja mmoja, na hajui jioni amsimulie nani.

Fundi wetu, pumzika kwa amani.