Kola Tu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoroka kazini mkaja kuketi nasi, tulieni, haya si marefu. Anayesoma ni mjukuu wetu wa kwanza, ila maneno ni yangu mimi mke wa marehemu, na nimemwonya asipambe, msiba si harusi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tano, akasoma hadi darasa la sita, akatoka mwaka 1965 kwa sababu baba yake alivunjika mguu na nyumba ikahitaji mtu wa kubeba maji, si kwa kukosa akili, ingawa hesabu na yeye hawakuwahi kupatana. Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa kiwanda cha mashati, akawekwa mstari wa kola, na hapo hapo mstari wa kola akakaa mpaka tarehe 30 Juni 2011 alipostaafu, wakampa cherehani, cheti na soda. Mimi alinioa tarehe 18 Desemba 1976, tukapata watoto watatu, wa kwanza binti ambaye ni muuguzi, wa pili dereva wa malori, na kitinda mimba ambaye bado anatafuta analolitaka, na mvi zimeanza kumsaidia kutafuta.

Sasa, kiwandani mtu hashoni shati, anashona kipande, huyu mfuko, yule mikono, shati linazaliwa mwisho wa mstari, na marehemu maisha yake yote hakuwahi kushona kitu kingine ila kola, jambo ambalo mtaa haukulijua, maana mtaa ulimwita Fundi, naye akaitika.

Alipostaafu, akakaa. Alikaa sebuleni kama mgeni anayesubiri chai, viatu miguuni tangu alfajiri, akinifundisha kufagia nyumba niliyoifagia tangu anioe, vidole vikikunja pembe ya kitambaa cha meza mpaka kikatoboka. Wenzake wawili waliostaafu naye wakafa kabla mwaka haujaisha, bila ugonjwa wa kutajika, na mimi, sitaki kusema uongo mbele ya jeneza, nikaanza kuwaza tutaazima wapi viti.

Ndipo seremala, jirani yetu wa mlango wa pili, alipomletea kitambaa cha shati la kuvaa siku ya kumwoza binti yake, na badala ya kusema hajui, marehemu akasema njoo Ijumaa. Shati likatoka kola imesimama kama askari wa gwaride, lakini mkono wa kulia uko kushoto na wa kushoto uko kulia, seremala akalivaa pale pale barazani, akajigeuza, akasema, "Fundi, mbona hili ni la mtu anayetembea kinyumenyume?" Mtaa ulicheka wiki nzima, nami nikiwemo, na marehemu akaifunika cherehani kwa shuka, akaniambia, "Mpe anayejua."

Sikumbembeleza, kubembeleza sikufundishwa. Nilichukua shati la kaka yangu lililochakaa kola, nikamtupia miguuni, nikasema, "Chana hili nipate tambara la kudekia, hiyo kazi hata wewe unaiweza." Akalishika, akapapasa shingo ya shati, akakasirika, akasema shati ni zima, kilichokufa ni kola, na hiyo kola yenyewe imekufa upande mmoja, akaifumua, akaigeuza, upande uliojificha ukaja juu, akaishona, na kaka yangu alilivaa hadi watu wakalizoea kama uso wake. Wa pili kuja akawa seremala yule yule, shati mkononi, "Fundi, leo mikono nimekuja nayo mwenyewe, wewe shika shingo tu." Marehemu akacheka, mara ya kwanza tangu astaafu, akachukua chaki akaandika mlangoni, KOLA TU, na toka siku hiyo yeye alikuwa na baraza yake na mimi nikarudishiwa sebule yangu, na aliyeleta suruali alirudi nayo. Ninyi wanaume mliokaa mbele, jipapaseni shingo, wengi wenu mmevaa kazi yake.

Novemba iliyopita kifua kilimbana, akalazwa tarehe 6 Februari, akafariki asubuhi ya tarehe 11 Machi 2024, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu, kwa kuwa kumaliza kitu kizima hakukuwa desturi yake.

Tunamshukuru daktari wa wodi, aliyeona vidole vya mgonjwa wake vinahangaika juu ya shuka, akamletea shati lake yeye daktari, mgonjwa aigeuze kola kitandani, na wauguzi waliomtafutia sindano, na majirani wote, hasa seremala, aliyetengeneza jeneza hili na kuweka kulia kulia na kushoto kushoto. Wenzake wa kiwandani tunawashukuru pia, ila ninyi wa mstari wa mikono mngemtembelea mapema kidogo.

Amevaa shati la kiwandani, kola aliigeuza mwenyewe, mikono imeshonwa na wenye mikono yao.

Pumzika, Fundi, amani iwe yako, na huko wakikuletea kitambaa kizima usione haya, waambie mapema, kola tu.